Mpima Mabega wa Kariakoo

Mtu mwenye akili, kabla hajaenda kununua bunduki ya kuwindia, alikuwa anapita kwanza Kariakoo kwenye fremu ya maturubai. Asiye na akili alikwenda moja kwa moja kwa muuza silaha, akachagua kubwa kuliko zote, kisha akaja kwenye fremu ya maturubai bega likiwa limevimba. Nimewaona wa aina zote mbili, maana fremu hiyo ilipakana na yangu ya vitenge na vitambaa vya sare. Tulitenganishwa na ukuta mmoja na tulichangia luku moja, mpaka tulipogombana kwa sababu ya feni yake iliyokuwa inakula umeme kama ina mimba.

Jina lake silitaji. Wateja wake wenyewe wengi hawakulijua. Wengine walimwita Mzee wa Maturubai, wasukuma mikokoteni walimwita Mangi kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka, na mimi nilimwita Jirani. Naye aliniita Jirani. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo, Jirani," anajibu, "Marahaba, Jirani," na muuza kahawa akawa anatuuliza kila siku kama hatukupewa majina kwetu.

Mtu asije akafikiri alikuwa anauza silaha. Katika miaka ishirini na kitu sijaona hata risasi moja kwenye lile duka. Bunduki zake zilikuwa nyumbani kwake Ilala, ndani ya kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa boliti, na vibali vyake vyote vilikuwa kwenye faili la plastiki alilolitunza kuliko cheti cha ndoa. Siku ya kuzipeleka kukaguliwa alivaa suti na tai. Mara ya kwanza nilidhani ana kesi mahakamani, nikamwombea dua.

Dukani aliuza maturubai, mahema, mabuti, tochi na madumu. Mtu akija kutaka hema la porini, Jirani alimwuliza anakwenda kufanya nini huko. Akisema kuwinda, aliulizwa kibali. Asiye na kibali aliambiwa mahema yamekwisha, hata kama alikuwa amesimama katikati ya mahema. Mwenye kibali aliulizwa anatumia bunduki gani, na hapo biashara ya maturubai ilikuwa imekufa kwa siku hiyo. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani, nahesabu kimoyomoyo, na kabla sijafika ishirini kichwa chake kinachungulia mlangoni kwangu.

"Jirani, niazime mita."

Mita yenyewe ni ile ya mbao ya kupimia vitambaa. Alimkunjisha mteja mkono, akapima kutoka kwenye kiwiko kwa ndani mpaka kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada. Hicho, alisema, ndicho kipimo cha kitako cha bunduki, na mtu asiyejua kipimo chake ananunua bunduki ya marehemu asiyemjua. Baadaye alipima shingo, kwa sababu wenye shingo ndefu na wenye shingo ya kuingia mabegani hawalazi shavu mahali pamoja. Akimaliza kupima, alichukua ule ubao wa katikati ya jora langu, akampa mteja aushike kama bunduki.

"Fumba macho. Uweke begani. Usiutafute, uweke tu. Haya, fumbua."

Mtu akifumbua macho akakuta anatazama juu ya ubao moja kwa moja, amepona. Akikuta anatazama ubavu wa ubao, maelezo ni marefu. Na mimi wakati wote huo nina mama wa sare za harusi anasubiri kukatiwa vitambaa, mita haipo na ubao wa jora haupo. Nimegomba sana. Nilimwambia anunue mita yake, akasema akiwa na yake atakosa sababu ya kuja kunisalimia. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Wenye bunduki huziita kwa namba, na namba ni unene wa risasi. Mimi ni mtoto wa Masasi. Bunduki niliyokua nikiijua ni gobole la babu la kufukuzia nguruwe kwenye mihogo, na hilo halikuwa na namba, lilikuwa na kelele tu. Lakini kwa kusikia ukutani nilifika mahali nikajua kwamba 22 ni ya kanga na sungura, 30-06 inaangusha pofu, yule mnyama wa jamii ya swala mkubwa kama ng'ombe, 375 ni ya nyati, na mtu anayesema anataka 458 huwa hajawahi kuipiga.

Alikuja mmoja, mfanyabiashara wa spea za magari, kijana mnene mwenye viatu vya kung'aa. Alikuwa amepata kibali cha kuwinda swala, na alitaka 458.

"Swala gani huyo?" Jirani akamwuliza. "Wa ghorofa?"

"Mzee, mimi sitaki kurudia. Nikipiga nimepiga."

"Sawa. Umewahi kugongwa na mkokoteni hapa mtaani?"

"Mara mbili."

"Uliokuwa umebeba nini?"

"Wa kwanza saruji."

"Ulifurahi?"

Kijana akamtazama asijue kama anachezewa. Jirani akamweleza kwa upole, kama daktari, kwamba 458 ni mkokoteni wa saruji, tofauti yake ni kwamba huu unaulipia mwenyewe na unajigonga mwenyewe, na ukishajigonga mara moja, mara ya pili utafumba macho kabla ya kufyatua, na swala atakwenda zake kuwahadithia wenzake. Kijana akaenda kununua 30-06. Mwaka uliofuata alituletea paja la pofu limefungwa kwenye mfuko wa sukari, nasi mtaa mzima tukala, ila Jirani alisema ni gumu.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Mnyama hafi kwa namba, hufa kwa mahali." Alikuwa na maana kwamba risasi ndogo penye moyo inatosha, na kubwa penye tumbo ni dhambi. Alikuwa nao mwingine, kwamba mtu achague risasi kwanza na bunduki baadaye, kwa sababu bunduki inanunuliwa mara moja lakini risasi unazitafuta maisha yako yote. Na watu wakitaka kununua kwa haraka kwa sababu msimu umekaribia, aliwaambia pori halina foleni.

Aliwasaidia wengi. Namkumbuka mama mmoja, mke wa mchungaji, alikuwa na shamba huko njia ya Morogoro na nguruwe pori walikuwa wanammaliza. Mumewe alikuwa amemwachia bunduki yake na kila akipiga ilimgonga shavuni. Alikuja uso umevimba akiwa amejifunika ushungi wa kanisani ili watu wasidhani mchungaji ndiye. Jirani alimpima, akaguna, akachora mstari kwenye karatasi, akamwelekeza kwa seremala wa Keko aliyemwamini. Kitako kikakatwa vidole viwili, basi. Yule mama alirudi baada ya mwezi, uso laini, akamwombea Jirani pale pale mlangoni kwa sauti kubwa, wapita njia wakadhani kuna mkutano wa injili.

Sasa nikwambie jambo ambalo kila mtu wa karibu yake alilijua na wateja wake hawakulijua. Jirani mwenyewe alikuwa hajui kulenga.

Si kwamba alikuwa halengi vizuri sana. Alikuwa halengi kabisa. Alikwenda porini kihalali, na kibali na askari wa wanyamapori, mwaka baada ya mwaka, na alirudi na stori. Mara moja, kwa maneno yake mwenyewe, alimkosa swala aliyesimama hatua arobaini, na swala hakukimbia, alimgeukia na kumtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa vibaya. Wenzake wa kuwinda walikuwa wanamwita Baba Huruma. Mkewe, shemeji yangu yule, mwalimu mstaafu, mwanamke wa maneno machache na makali, alikuwa akisikia ule msemo wa mnyama hufa kwa mahali anamalizia, "Na mahali penyewe hajawahi kupapata."

Nilimwuliza siku moja, kwa sababu mimi nikiwa na swali silali: inakuwaje mtu anayepima wenzake wakalenga, yeye hapati hata debe? Hakukasirika. Alikoroga chai yake akasema, "Mganga hajigangi, Jirani." Kisha akaongeza kwamba labda ana mkono mzito tu tangu utotoni, wengine wamezaliwa hivyo. Nikamwonea huruma nikampa kashata yangu.

Na ule msemo wa risasi kwanza, bunduki baadaye, yeye mwenyewe aliuvunja. Kabatini kwake kulikuwa na bunduki moja ya zamani ya mitutu miwili, nakshi za maua kwenye chuma, mti wake mwekundu unang'aa kama kiatu cha askari. Aliiona kwa muuza silaha, akapenda, akanunua siku hiyo hiyo. Alipofika nyumbani akagundua risasi zake hazitengenezwi tena popote anapopajua. Aliandika barua, akawasumbua watu wa kila nchi. Hakuna. Shemeji akaiita Bubu. Ukienda kwao Jumapili baada ya ibada anakuuliza, "Umeshamsalimia Bubu?" Na Jirani anainuka, anafungua kabati, anamtoa, anampangusa kwa kitambaa cha pamba alichonunua kwangu kwa bei ya kutupa, anamrudisha. Mwanamume mzima, mwenye ushauri wa bure kwa Dar nzima.

Kabati lile lilikuwa na nafasi sita. Hilo ndilo jambo lililomnyima raha. Alikuwa na 22, alikuwa na shotigani, 30-06, 375, na Bubu. Tano. Nafasi ya tatu kutoka kushoto ilikuwa tupu, na ilikuwa tupu kwa miaka kumi na moja. Alikuwa mwimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, na alinieleza kwa kikwaya: shotigani ni ngoma, Bubu ni mzee wa kanisa aliyekaa tu mbele, soprano anayo, teno anayo, besi anayo. Alto haipo. Alitaka bunduki nyepesi, ya milimita saba, isiyogonga bega, ya swala na wanyama wa kimo hicho. "Kwaya isiyo na alto inaimba, Jirani, lakini mwenye sikio anajua."

Kwa nini basi asinunue? Kwa sababu shemeji alikuwa amemwekea sharti, na sharti lenyewe lilikuwa la haki. Alimwambia: moja tu zaidi. Ukiijaza hiyo nafasi, kabati limefungwa, na hakuna kubadilisha wala kusema nilikosea. Basi mtu aliyenunua Bubu kwa dakika tano akawa anaogopa. Kila milimita saba iliyotokea mjini aliiona ina kasoro. Hii nzito mbele, ile kitako kimepinda, nyingine ilikuwa nzuri lakini hakupenda jinsi muuzaji alivyokuwa anatafuna jojo. Miaka kumi na moja.

Halafu mwaka ule wakaamua kurudi kwao Moshi moja kwa moja. Mtoto wao mkubwa angechukua duka. Shemeji akatangaza: Krismasi tunapanda, na kabati litapanda kama lilivyo siku hiyo. Ikiwa nafasi ni tupu, imebaki tupu mpaka mwisho wa dunia. Jirani akacheka mbele yake. Kwangu hakucheka. Aliniambia, "Sitaki kuondoka mji huu na pengo." Nilijua anasema kweli, maana alisahau hata kuazima mita siku mbili.

Mwezi wa nane jicho lake la kulia likaanza ukungu. Nilidhani ni mtoto wa jicho, kitu cha kutoa na kurudi nyumbani. Alikwenda kwa daktari wa macho Upanga, akarudi na bajaji, akaingia kwangu badala ya kwake, akakaa juu ya furushi la vitenge nilivyokuwa sijavifungua. Daktari alikuwa amemwambia kwamba si mtoto wa jicho, ni nyuma kabisa ya jicho, na kilichokwenda hakirudi. La kushoto ni zima. Ataona kusoma, ataona njia, atamwona mkewe.

"Ila kulenga ndiyo basi, bega la kulia linataka jicho la kulia," akasema. "Nimejifunza kukosa kwa miaka arobaini, na sasa hata kukosa nanyang'anywa."

Alitaka nicheke, nikashindwa. Niliumia kama ni mimi. Nilimwagiza chai, na tukakaa, na wateja wawili walikuja wakatazama nyuso zetu wakaondoka wenyewe.

Shemeji kwa huruma yake akasema basi ziuzwe zote, kabati wapewe watu wa vyuma. Jirani hakusema ndiyo wala hapana. Katikati ya hayo akapigiwa simu na muuza silaha mmoja mwenye duka mjini. Kuna mjane wa Upanga, bibi wa Kihindi, mumewe alifariki, na bunduki yake imehifadhiwa pale dukani inatafuta mtu. Milimita saba. Imekaa miaka mitatu hakuna anayeitaka, na mjane ameomba kabla haijapelekwa kuharibiwa aonyeshwe mzee yule wa maturubai anayesifiwa, labda anajua mtu.

"Nakwenda kuitazama tu," Jirani akaniambia. "Kama mtu anavyokwenda kumwona maiti." Akaniomba nimsindikize. Shemeji alikuwa kwenye vikao vya kwaya, na yeye hakutaka kwenda kwa mjane peke yake, si heshima. Nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya kumwoza binti yangu.

Mjane alikuwa amefika mle dukani kabla yetu. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, Kiswahili chake cha Dar kuliko changu. Alimwamkia Jirani, "Habari za kutwa, baba," akaniuliza mimi kama vitenge siku hizi vinachuja. Nikampenda hapo hapo.

Muuza silaha akaileta. Mimi si mjuzi, lakini nikaona kasoro bila kuambiwa. Komeo, kile kishikio cha chuma cha kuvuta ili risasi iingie, kilikuwa upande wa kushoto. Marehemu alikuwa wa mkono wa kushoto na alikuwa ameagiza itengenezwe hivyo hivyo, kitako kimeinamia upande huo huo. Muuza silaha akasema ndiyo maana haitoki. Wateja wanaigusa wanacheka, mmoja alisema ina nuksi, kushoto ni mkono wa chooni.

Jirani hakucheka. Aliichukua, akaifungua, akahakikisha ni tupu, akaonyesha kila mtu kwamba ni tupu, kama kawaida yake. Akaipeleka bega la kulia. Kitako kikamsukuma shavu pembeni. Akajaribu tena. Ilikuwa kama mtu anayevaa kiatu cha mguu mwingine.

"Siyo huko, baba," mjane akasema. "Yeye alikuwa anaiweka huku." Akanyoosha mkono, akamgusa bega la kushoto kwa ncha za vidole, kidogo tu.

Nadhani aliihamisha kwa adabu, kumridhisha mama wa watu. Akaiweka kushoto. Na mimi niliyekuwa nimesikia maneno yale mara elfu kupitia ukutani, yakanitoka kabla sijafikiri: "Fumba macho, Jirani."

Akafumba. Akaishusha, akaipandisha bila kutafuta. Akafumbua.

Aliishusha akaipandisha tena. Mara ya tatu. Mara ya nne alifanya haraka, kama mtu anayemtega mwenzake, na bado ilikaa pale pale. Mikono yake, niliyozoea kuiona ikihangaika hata kwenye fundo la kamba ya hema, ilikuwa imetulia tuli. Muuza silaha akaacha kupanga vitu vyake.

"Mzee," akauliza, "wewe ni mashoto?"

"Hapana," Jirani akasema. Baadaye akasema, "Nilikuwa."

Akatuhadithia akiwa bado ameishika. Darasa la kwanza alishika kalamu kwa kushoto, mwalimu akamchapa rula vidoleni. Akashika tena, akachapwa tena. Mwishowe mwalimu akawa anamfunga mkono wa kushoto kwa kamba ya kiatu kwenye dawati mpaka kengele ilie. Nyumbani nao wakamuunga mkono mwalimu, mtoto wa kula kwa kushoto ni aibu kwa wageni. Alipofika darasa la tatu mkono ule ulikuwa umenyamaza na yeye alikuwa ameshasahau kwamba uliwahi kusema. "Nimepima mabega ya watu miaka thelathini," akasema, "wa kulia na wa kushoto, nawaambia hata usione aibu, ndivyo ulivyoumbwa. Langu sikulipima."

Mjane alikuwa analia kimya, mimi nilikuwa nalia na kucheka, na muuza silaha akatutafutia viti. Jirani ndiye pekee aliyekuwa mkavu. Alimwuliza mjane swali moja tu: marehemu alikuwa analenga vizuri?

"Hakosi," mjane akasema. "Alikuwa ananichosha kwa kujisifu."

"Basi na mimi nitamchosha mtu," Jirani akasema, na hakwenda kuulizia kasoro nyingine yoyote.

Kibali kilimpeleka puta. Kulikuwa na fomu, kulikuwa na cheti cha daktari kuthibitisha kwamba jicho la kushoto linatosha, kulikuwa na afisa aliyesema mzee, wa umri wako anapunguza, haongezi. Novemba nzima alikuwa anavaa suti. Nilimwona anapita na faili lake la plastiki asubuhi na kurudi nalo jioni, na kila jioni nikitazama uso wake nilijua. Krismasi ilikuwa imebaki siku tisa alipopita bila kuniangalia, akaingia kwake, na dakika moja baadaye nikasikia besi inaimba upande wa pili wa ukuta. Pengo likajazwa.

Walienda uwanja wa shabaha nje ya mji kabla ya kusafiri, yeye na shemeji. Alipiga risasi tano. Shemeji aliyekuwa amekaa kivulini anafuma, alinisimulia mwenyewe: alipoambiwa nne zimeingia hakuamini, akaenda hadi kwenye ile karatasi akaingiza kidole kwenye kila tundu. Siku mbili nzima hakumtania. Jirani alisema kimya kile kilimtisha kuliko nyati.

Wakapanda Moshi. Mwanawe ni kijana mzuri, anauza maturubai kwa yeyote, na mita yangu sasa inakaa dukani mwangu kutwa. Sikuwahi kufikiri nitachoka kuiona.

Mara ya mwisho kumwona ni mwezi wa nne mwaka huu. Alikuwa ameshuka kuja kliniki ya macho, akapita Kariakoo kunisalimia. Amenenepa, ndizi za kwao zimemkubali. Tulitaniana mpaka muuza kahawa akaja kukaa nasi. Halafu akatoa faili lake, akasema ana fomu ya bunduki ya kujaza na angependa kuimalizia hapa kwangu, kwao mwanga wa asubuhi ni hafifu. Nikampa kalamu na kisanduku cha kuandikia juu yake.

Akaishika kwa mkono wa kushoto.

Nilimtazama. Alikuwa anaandika polepole sana, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kiwiko kimezunguka karatasi yote. Herufi zilikuwa kubwa na zimelala kila upande, wala hazikukaa kwenye mstari. Jina la kwanza peke yake lilimchukua muda ambao mimi nilihudumia mteja na kumpa chenji. Mwanamume aliyekuwa na mwandiko wa kulia mzuri kuliko karani yeyote wa mtaa ule.

"Lete nikuandikie, Jirani," nikasema. "Fomu ya serikali hiyo, watakurudishia."

"Wakirudisha nitaandika nyingine." Hakuinua kichwa. "Nimeanza Januari. Shemeji yako ananipa kazi ya nyumbani, anasahihisha."

"Na mzee mzima huoni aibu?"

Akamaliza herufi aliyokuwa nayo, akaitazama, akaridhika nayo.

"Mwalimu wangu ameshafariki, Jirani, Mungu amrehemu," akasema. "Sasa nani atanichapa?"